Mzee wa Kitabuni na Jogoo wa Mamboleo

Jumanne, 2 Aprili

Celestine ameniletea kitabu cha upelelezi. "Baba, shujaa wake ni mzee kama wewe, utampenda," amesema, akakiweka kitandani pamoja na dawa za mchana. Kinaitwa Damu Kwenye Chai ya Saa Nne. Jaladani kuna kikombe na mkongojo. Mkongojo ndio mimi, nadhani.

Daftari hili nimeliomba mwenyewe. Nilikuwa mkalimani wa mahakama maisha yangu yote ya kazi, nikigeuza maneno ya mashahidi kutoka Kijaluo kwenda Kiswahili na Kiingereza, na sikuruhusiwa kuongeza neno langu hata moja. Sasa nina maneno mengi na hakuna hakimu wa kunikatiza.

Niko Mamboleo, katika nyumba ya mume wa binti yangu, na hilo peke yake ni kesi. Kwetu mzee halali kwa binti yake aliyeolewa. Huja akanywa chai, akala kuku, akabariki nyumba, na jua likianza kuteremka anatafuta kofia yake. Lakini niliteleza kwenye ngazi za nyumba yangu kule kando ya mto Sondu, nyonga ikavunjika, na nilipotoka hospitali Celestine akasema nikae kwake wiki mbili tu, mpaka barabara ya nyumbani ikauke. Nilikubali shingo upande. Nikifia hapa, nitakuwa nimewaachia watu wa nyumba hii balaa ambayo hata sabuni haitoi.

Ng'ombe wangu wanaangaliwa na ndugu yangu Odongo. Sisi ni pacha. Mimi nilitangulia kutoka, ndiyo maana ni Opiyo. Yeye akabaki nyuma, ndiyo maana ni Odongo. Hadi leo watu wa soko la Sondu humwambia yeye siri zangu.

Ufunguo wa nyumba yangu ninao. Nimeutia ndani ya kitabu uwe alama ya ukurasa.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Kitabu ni cha kipumbavu.

Jumapili, 7 Aprili

Nieleze kwa nini ni cha kipumbavu, kisije kikasema kilihukumiwa bila kusikilizwa.

Shujaa ni Inspekta mstaafu Zakaria Mbuvi, miaka themanini na mmoja, mjane. Mpangaji wake amekunywa chai ya saa nne akafa, na polisi vijana wanasema ni moyo. Mbuvi ananusa kikombe, anajua ni sumu. Sawa. Lakini katika sura ya pili anaruka ukuta, tena wenye vigae vya chupa juu. Katika sura ya tatu anakaa ndani ya gari usiku kucha akivizia mlango wa mtu, na mwandishi hasemi hata mara moja alikojoa wapi. Nimeurudia ukurasa ule nikitafuta. Mwandishi huyu hajafika miaka hamsini, naapa mbele ya hakimu yeyote.

Na bado nimefika sura ya nne. Adongo, anayesaidia kazi za nyumba hapa, ameniuliza kwa nini ninasoma huku nikinung'unika.

"Baba, kama hiyo kitabu inakusumbua, si uiwache tu?"

Nimemwambia nataka kumwona huyu mzee akianguka.

Mume wa Celestine anaitwa Robinson. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa njia panda. Ni mtu mkimya, na mimi watu wakimya huwa siwaamini. Mahakamani ndio waliokuwa na mambo. Kila asubuhi husimama nje ya mlango wa chumba changu, haingii, maana mkwe haingii anapolala baba wa mke wake, na kutoka huko anauliza, "Mzee, umeamkaje?" Namjibu kwamba nimeamka. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Wiki mbili zimekwisha. Celestine amesema barabara haijakauka.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo kitabu kimenishinda nguvu.

Sura ya saba, Mbuvi anaamka na jina la binti yake limepotea. Anaijua sura yake, anaijua siku aliyozaliwa, jina halipo. Anakaa ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi, anangoja. Haiti mtu. Baadaye jina linarudi lenyewe kama kuku arudivyo bandani jioni, naye anafunga kamba za viatu na kwenda kazini. Ni ukurasa mmoja tu.

Nimerudisha mlango, nimelia. Mwezi uliopita, hospitalini, nililitafuta jina la marehemu mke wangu kutoka chai ya asubuhi mpaka daktari alipopita na vijana wake. Aoko. Nimeishi naye maisha mazima. Sikumwambia mtu, na sasa ninalikuta jambo hilo kitabuni limeandikwa na mtoto asiyejua hata wazee hukojoa. Amelitoa wapi? Bado simpendi. Lakini siwezi tena kumdharau, na hilo linaniudhi zaidi.

Jumamosi, 20 Aprili

Katika sura ya tisa watu wabaya wamemfungia Mbuvi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anajifanya amelala, mlinzi akienda kunywa chai, anatoka kwa mlango wa jikoni. Niliupenda mpango huo kwa sababu haukuwa na kuruka ndani yake.

Kwa hiyo leo, Celestine akiwa zamu kliniki na Robinson akiwa dukani, nimejifanya nimelala. Adongo akatoka kuanua nguo. Nikapita jikoni na fremu yangu ya chuma ya kutembelea, nikavuka ua. Nilitaka kufika barabarani tu, nisimamishe gari lolote la kwenda Sondu.

Mbuvi hakuwa na fremu. Yangu ilizama kwenye matope nikiwa karibu kabisa na geti, na mvua ikaanza tena, nami nikabaki nimeishikilia, kuiacha siwezi, kuing'oa siwezi. Nilikuwa nimevaa sandali. Kuita mtu niliona aibu. Adongo alinikuta hivyo. Alileta mwavuli, na badala ya kunirudisha mara moja akasimama kando yangu.

"Ulikuwa unaenda wapi, Baba?"

"Nyumbani."

"Na hii mvua yote?"

"Hata nyumbani inanyesha."

"Ndiyo," akasema. "Huko wanasema inanyesha sana."

Jioni geti limewekwa kufuli mpya. Celestine amesema ni kwa sababu ya wezi.

Jumanne, 30 Aprili

Redio yangu haionekani. Celestine amesema ameipeleka kwa fundi pamoja na simu. Simu ni kweli ilianguka kwenye beseni. Redio haikuanguka popote. Gazeti ambalo Robinson huniletea nalo limekoma. Ati muuzaji amehama. Adongo amekatazwa kuweka kituo chochote cha habari kwenye runinga, tunatazama tamthilia za watu wanaolia kwenye makochi.

Katika sura ya kumi wale watu wabaya wanamkatia Mbuvi waya wa simu. Sisemi kitu. Naandika tu.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua mchana kutwa. Celestine amekuja mezani macho mekundu, akasema ni vitunguu. Omena, dagaa wa leo, hakuwa na kitunguu.

Jumapili, 5 Mei

Mambo mawili ya kipuuzi.

La kwanza, Adongo ana kasoro ya macho au ya kichwa. Nimeamka baada ya usingizi wa dawa nikamkuta ananiangalia miguu.

"Baba, umeshatoa gambuti?"

"Gambuti gani?"

"Si ulikuwa umesimama pale kwa geti saa hii, na gambuti, na koti ya mvua? Nimekuita ukakataa kuingia. Nikaenda kuita Celestine, nikarudi nikapata umeenda."

Nimemwonyesha fremu yangu, nikamwonyesha nyonga. Celestine ameingia akamwambia akaangalie sufuria jikoni, na sauti yake ilikuwa kali kuliko sufuria yoyote inavyostahili.

La pili, kuna jogoo nyuma ya jikoni. Mwekundu, mkubwa, amefungwa mguu kwa kamba. Hakuwepo asubuhi.

Jumatano, 8 Mei

Jogoo huwika wakati wowote anaotaka. Jirani amelalamika kutoka ng'ambo ya ukuta.

Jumapili, 12 Mei

Robinson hawezi kumaliza Jumapili bila kuku. Leo ameenda mwenyewe sokoni, akanunua kuku mwingine, na huyu mwekundu yuko pale pale anakula mahindi. Nimeuliza kwa nini. Robinson amejibu kutoka mlangoni, "Huyo bado, Mzee." Bado nini?

Mbuvi naye yuko sura ya kumi na moja. Amepigwa rungu kichwani na kijana wa miaka ishirini, ameinuka, amepangusa koti. Nimecheka mpaka nyonga ikanikemea.

Jumanne, 14 Mei

Nimesikia, na sasa naandika kama ushahidi.

Robinson alikuwa kwenye veranda akiongea na simu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, kwa hiyo aliinua sauti, naye si mtu wa kuinua sauti. Alisema, "Hapana, Mzee hajui. Ile ya chini imeenda. Yote. Sasa tunaangalia tu hiyo ploti ya juu." Kisha akasema, "Celestine amekataa aambiwe."

Imeenda. Nilikuwa nikisimama nje ya mahakama siku za mnada, na kila shamba la maskini lilipopata mnunuzi dalali alipiga nyundo na kusema neno hilo: imeenda. Shamba langu ndilo la chini. Liko chini kabisa, mpaka kwenye mto. Wameliuza. Wameninyang'anya redio, simu na gazeti nisisikie, wameweka kufuli getini nisiende kuona, na mtu mkimya ndiye kiongozi wao.

Nimekaa kitandani mchana wote nikiwa nimeushika ufunguo. Celestine aliniletea supu, akanifunika miguu, akaniita Baba kwa sauti ile ile ya tangu utotoni. Sijui mtu anawezaje kuuza nyumba ya babake na bado akakumbuka kwamba hapendi supu yenye dania. Niko ndani ya nyumba yenye milango mitano na hakuna hata mmoja ulio wangu.

Jumapili, 19 Mei

Kitabu kimeingiza pacha. Naam. Muuaji ana ndugu pacha, ndiye aliyeonekana harusini wakati mwenzake akitia sumu kwenye chai. Hii ndiyo hila ya mwandishi aliyeishiwa. Mimi ni pacha tangu kuzaliwa na hakuna siku Odongo amefanya jambo badala yangu likafaa. Nimekitupa chini ya kitanda, ufunguo ukiwa ndani. Baadaye imebidi nimwombe Adongo apige magoti anitolee.

Alhamisi, 23 Mei

Leo nimejua, na ni afadhali ningebaki mjinga.

Nilikuwa nikifanya mazoezi ya kutembea kwenye korido. Karibu na mlango wa jikoni kuna kabati la mafagio, na ndani yake nimeona kitu kirefu kimefungwa kwa gunia. Nimefungua. Ni shoka jipya, mpini mweupe, halijakata hata kijiti. Nyuma ya mlango jogoo akawika.

Jogoo na shoka jipya. Mjaluo yeyote anajua. Kijana anapotoka kwa babake kwenda kuanzisha boma lake, dala yake mwenyewe, wanaondoka alfajiri. Baba anatangulia. Kijana anafuata na jogoo na shoka, mke nyuma yao na moto. Baba ndiye anaonyesha mahali pa nguzo ya kwanza, na bila yeye kazi hiyo haianzi. Mwanangu wa kwanza ni Sydney, anaishi na mkewe Bridget katika nyumba yake ya ujana ndani ya boma langu. Huyo ndiye anayetoka. Ploti ya juu ni yake.

Na kama baba amekufa? Basi ndugu ya baba hutembea mahali pake.

Hapo ndipo nilipomwona yule mtu wa Adongo, mwenye gambuti, sura yangu, aliyesimama getini akakataa kuingia. Adongo hana kasoro yoyote. Ni mgeni hapa na hajawahi kumwona Odongo. Ndugu yangu alikuja mpaka geti la nyumba niliyofungiwa, akaleta jogoo na shoka, akaondoka bila kunisalimia.

Wamenihesabu marehemu. Wameuza ya kwangu, wamenunua ya Sydney, na Odongo ndiye atatembea. Nilikuwa nikimcheka Mbuvi kwa kuruka kuta. Sasa ningetoa nyonga ya pili niruke moja tu.

Jumamosi, 25 Mei

Nimemwambia Celestine namtaka Sydney hapa kesho. Nimesema kwa Kijaluo, na kwa sauti ya mahakamani. Hakubisha.

Jumapili, 26 Mei

Wote walikuwa sebuleni walipotoka kanisani: Celestine, Robinson, Sydney. Kitabuni Mbuvi naye anawakusanya washukiwa sebuleni, na nilipokuwa nasoma nilidhani ni upuuzi, nani anakubali kuitwa? Kumbe wenye hatia hukubali. Nilimwomba Adongo atupe chai. Ilikuwa saa nne. Nilianza kueleza kama Mbuvi, polepole, nikimtazama kila mmoja.

Nilisema redio. Nilisema kufuli. Nilisema nimesikia kwamba ya chini imeenda. Nikamgeukia Robinson, nikamwambia kwamba nimekula chakula chake miezi miwili na sikujua nilikuwa ninakula shamba langu. Robinson aliweka kikombe chini, akatazama sakafu. Nikaendelea mpaka kwenye jogoo na shoka. Nilikuwa nimepanga kusema kwa ukali, lakini nilisema kama mtoto, "Sydney, mimi bado niko hai."

Sydney akaanza kulia. Ni mwalimu, ana mvi, ana watoto wakubwa.

"Baba, hakuna mtu ameuza kitu," akasema. "Mto ndio umechukua."

"Umechukua nini?"

"Umechukua nyumba. Mwisho wa mwezi wa nne. Maji ilikuja usiku, ikakula ukingo, nyumba yako ikaenda, na yangu, na ya Baba Odongo. Watu wote tuko shule. Baba Odongo analala darasa la tano, ng'ombe wako wamefungwa uwanjani."

Imeenda. Neno moja la Kiswahili, na mimi mkalimani nililitafsiri vibaya.

"Na mama yako?" nikauliza.

"Kaburi liko. Maji ilipita juu, lakini simenti imebaki. Unaweza kuona."

Celestine alikuja akapiga magoti mbele ya kiti changu. "Ni mimi, Baba. Daktari alisema presha yako ikipanda tena tutakupoteza. Nikasema usiambiwe mpaka upone. Redio ni mimi. Robinson alitaka uambiwe siku ya kwanza, tumegombana mpaka leo. Usimwangalie hivyo."

"Na jogoo?"

Hapo walitazamana. Sydney alijipangusa uso. "Tumepata mahali pa juu, lakini siwezi kujenga bila kupiga dala. Na wewe huwezi kutembea, na hujui kitu. Tukafikiria... Baba Odongo si ni kama wewe tu? Mlizaliwa pamoja. Hata sura ni moja."

"Ukadhani ardhi haitajua."

"Niliona ni sawa, yawa. Alikataa. Nilimpelekea jogoo na shoka kule darasani, akakuja nayo mpaka hapa kwa mvua. Akaniambia, 'Mwambie Opiyo afe kwanza, ndio nitembee.'"

Nilicheka. Nilikuwa na machozi mpaka shingoni na nilicheka, na hakuna aliyejua kama anicheke au anishike.

"Mbona hakuingia?"

"Alisema hawezi kukuangalia machoni na asiseme," akajibu Celestine. "Aliacha vitu kwa geti, akasema apewe mwenyewe. Tukaogopa kukupa. Tukaogopa pia kumchinja jogoo."

Kwa hiyo jogoo huyo alikuwa wangu wiki zote hizo, na mimi nikimtukana kila alfajiri. Nilimwambia Robinson, "Mkwe, nimekukosea mbele ya watu." Akajibu, "Ni sawa tu, Mzee. Hata mimi ningefikiria hivyo." Chai ilikuwa imepoa. Tuliinywa.

Jumatatu, 27 Mei

Sijainuka kitandani. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumamosi, 1 Juni

Tuliondoka Mamboleo giza likianza kupungua, katika pikapu ya Robinson, jogoo miguuni pangu. Robinson aliendesha kimya na mara hii nilishukuru.

Ploti ya Sydney iko kwenye mwinuko, mawe mengi, mti mmoja wa mwiba. Watu wachache walikuwa wakingoja, na kati yao nilijiona nimesimama na gambuti.

"Omera, ndugu yangu," akasema Odongo. "Kumbe bado uko."

"Bado. Walitaka utembee badala yangu."

"Na hii miguu? Hata yangu inanishinda, nibebe na yako?"

Tukashikana mikono muda mrefu. Amekonda. Ana harufu ya darasa.

Kisha nikatangulia. Fremu mbele, mimi nyuma yake, Sydney na jogoo na shoka, Bridget na moto ndani ya chungu kilichovunjika. Umande ulikuwa mwingi na matope yalitaka kunirudia tena, lakini Odongo alikuwa akitembea kando, akiinua mguu mmoja wa fremu kila ulipokwama, bila kunigusa mimi, ili isisemwe kwamba alitembea yeye. Nilifika. Nilionyesha mahali. Sydney alipiga shoka, nguzo ikasimama, jogoo akafunguliwa kamba akakimbilia kwenye mwiba akawika, safari hii kwa wakati wake.

Walipoanza kujenga niligeuka nikatazama chini. Nilikuwa nimejiambia sitatazama. Pale palipokuwa nyumba yangu kuna maji ya kahawia, mapana, hayana haraka. Mwembe wangu umelala. Ngazi zilizonivunja nyonga haziko. Simenti ya Aoko iko ukingoni kabisa, safi, imeoshwa, na nyuma yake hakuna kitu. Nilimwita jina. Lilikuja mara moja.

Hawakuniuliza kama nitalala pale, kwa sababu kila mtu anajua. Baba halali kwenye dala mpya ya mwanawe. Kwangu ni mto. Kwa Odongo ni darasa la tano. Siku zote hizi nilitaka geti lifunguliwe. Leo limefunguliwa, nimetoka, nimetembea kwa miguu yangu, na jua lilipoanza kuteremka nilitafuta kofia yangu nikarudi kwa binti yangu.

Jumapili, 2 Juni

Mvua imepungua. Redio imerudi kutoka kwa fundi ambaye hakuwahi kuwa nayo. Kufuli limeondolewa getini, na sijaenda huko.

Leo nimemaliza kitabu. Nilikuwa nimebakiza sura ya mwisho. Muuaji anakamatwa, polisi vijana wanaomba radhi, kisha mwandishi anatumia kurasa nne, nzima, kumrudisha Mbuvi nyumbani. Anapanda mlima polepole. Anapumzika mara mbili. Hatimaye amechoka, baada ya vifo vitatu na kuta mbili. Anatafuta ufunguo katika mfuko usio wake, anaupata katika mwingine, anafungua, anaingia, anawasha jiko la chai yake peke yake. Basi. Hakuna kingine. Niliona wivu mpaka nikaona haya. Mtu wa karatasi, na nimemwonea wivu kwa mlango. Mwandishi huyu ni mwongo na nimemsoma mpaka neno la mwisho, na sentensi ile ya ufunguo nimeirudia nikisogeza midomo.

Jioni Robinson alisimama nje ya mlango kama kawaida.

"Mzee, umeshindaje?"

Nikamwambia aingie.

Alikohoa huko nje. Nikamwambia tena kwamba kama mimi nimekuwa wa kulala hapa, basi na yeye awe wa kuingia, tumeshavunja mengi na bado tunapumua. Akavua viatu, akaingia, akasimama katikati ya chumba cha nyumba yake mwenyewe hajui aweke wapi mikono. Kisha akaona kitabu kitandani.

"Celestine anasema unakitukana tangu mwezi wa nne. Naweza kusoma?"

"Chukua."

Alikifungua, na ufunguo ukamwangukia mguuni. Akauokota, akautazama. Anauza vitasa na kufuli, anajua ufunguo wa mlango ambao hauko ukoje mkononi.

"Niweke wapi hii?"

"Rudisha ndani. Ni alama tu ya ukurasa."

Akaurudisha kwa uangalifu, akafunga kitabu, akafika mlangoni, akageuka.

"Lakini huyu mzee, mwishowe anafika kwake?"

Nilimwambia anafika.